Kilele cha karibu na sifuri: kisa cha mitetemo ya atomi katika shaba yenye punje za nano

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja cha Unguja. Majina, mwaka na kila alama ya kumtambulisha mhusika nimeziondoa, na mwenyewe ameridhia kiandikwe. Nilikuwa mmoja wa wasomaji wa rasimu ya tasnifu yake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona yakitendeka. Nimekiandika kwa wanafunzi wa fizikia na uhandisi wanaofanya utafiti kwa kompyuta, hasa wale ambao chuo chao kina mashine moja tu ya kazi hiyo na umeme wake si wa kutegemea.

## Usuli

Mwanafunzi alikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya sekondari Pemba, huku akisoma shahada ya uzamili Unguja. Mchana alisomesha. Usiku aliingia kwenye kompyuta ya chuo kupitia intaneti akiwa kwao, na skuli zikifungwa alivuka kwa boti akakaa Unguja hadi likizo iishe.

Mada yake ilikuwa namna atomi zinavyotetemeka ndani ya metali ambazo punje zake ni ndogo mno. Karibu kila kipande cha metali tunachokishika ni mkusanyiko wa punje, yaani fuwele ndogo ndogo zilizoshikana, kila moja imepanga atomi zake kwa mwelekeo wake. Katika waya wa shaba wa kawaida punje hupimwa kwa maikromita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Herbert Gleiter na wenzake huko Saarbrücken, Ujerumani, walianza kutengeneza metali zenye punje za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita), na tangu hapo metali hizi zimekuwa uwanja mpana wa utafiti. Zina ugumu ambao metali ya kawaida ya aina ile ile haina, na joto hupita ndani yake kwa namna nyingine.

Aliyewahi kuona ukuta wa Mji Mkongwe uliobanduka plasta ataelewa haraka kwa nini ukubwa wa punje una maana. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mawe yakiwa makubwa, chokaa ni kidogo. Yakiwa vijiwe, karibu nusu ya ukuta inakuwa chokaa. Mipaka ya punje ndiyo chokaa hicho, ila hapa mpaka umejengwa kwa atomi zile zile za shaba zilizokosa mpangilio. Tukichukua unene wa mpaka kuwa nanomita 1, punje ya nanomita 100 ina asilimia 3 tu ya atomi zake mpakani. Punje ya nanomita 10 ina asilimia 27. Punje ya nanomita 5 ina karibu nusu. Kwa hiyo ukifika chini ya nanomita 10, unapoipima metali hiyo unaipima na mipaka yake pia, na huwezi kuisahau.

Atomi ya shaba iliyo ndani ya fuwele ina majirani 12 wa karibu, wote kwa umbali mmoja. Atomi ya mpakani ina majirani pungufu, au inao lakini wengine wako mbali kuliko kawaida na wengine wameibana. Pale inaposhikwa kwa ulegevu hutetemeka taratibu zaidi, kwa masafa ya chini (masafa hapa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na pale inapobanwa hutetemeka haraka zaidi.

Chombo cha kuyaona hayo ni grafu ya mgawanyo wa mitetemo, inayoonyesha ni mitetemo mingapi iko kwenye kila masafa. Kwa shaba isiyo na kasoro grafu hii inajulikana vizuri kutokana na majaribio ya nyutroni. Ina kilele kimoja karibu na terahezi 5 (terahezi 1 ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde) na kingine karibu na terahezi 7, kisha inakatika ghafla baada ya hapo. Upande wa chini, karibu na sifuri, inapanda kwa kipeo cha pili cha masafa kama Peter Debye alivyoeleza mwaka 1912. Metali ya punje za nano inatarajiwa kuwa na ziada upande huo wa chini. Mwaka 1997 Brent Fultz na wenzake wa California waliipima ziada hiyo katika chuma kilichosagwa kwa kinu cha gololi hadi punje zikawa za nanomita, wakitumia eksrei za kiloelektronivolti 14.4 ambazo kiini cha chuma-57, aina moja ya atomi za chuma, huzinyonya. Majaribio ya nyutroni juu ya nikeli yalionyesha mwelekeo huo huo.

Visiwani hatuna chanzo cha nyutroni wala cha eksrei za namna hiyo. Tunaweza kuiga kwa kompyuta. Programu ya LAMMPS, iliyoandikwa katika maabara za Sandia huko Marekani, hutolewa bure, na programu za kujenga mfano wa punje na za kuutazama pia hupatikana bure. Unaipa kompyuta mahali pa kila atomi na kanuni ya mvutano kati ya atomi, nayo inakokotoa mwendo wao hatua kwa hatua, kila hatua femtosekunde 1, yaani sehemu ya elfu ya pikosekunde, nayo pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde. Ukirekodi kasi za atomi kwa muda na kuzipitisha kwenye ugeuzi wa Fourier, hesabu inayoutenganisha mwendo katika masafa yake, unapata mgawanyo wa mitetemo. Ndiyo njia aliyoichagua, na kwa mazingira yake ulikuwa uchaguzi wa busara.

## Kazi ilivyoanza

Alijenga kisanduku cha nanomita 6 kila upande, chenye punje 8 zilizoelekezwa ovyo. Ndani yake kulikuwa na atomi zipatazo 18,000. Punje zilikuwa na upana wa karibu nanomita 3.7, maana yake zaidi ya nusu ya atomi zilikuwa mipakani. Alishusha nishati ya mfumo kwa haraka ili atomi zilizogongana zitengane, akapandisha joto hadi kelvini 300, kisha akaanza kurekodi huku kidhibiti joto cha Langevin kikiwa kimewashwa. Kidhibiti hiki hushika joto kwa kuzipa atomi visukumo vya bahati nasibu na msuguano mdogo.

Umeme ulikuwa ukikatika. Mashine ikizimika katikati ya kazi, alianza tena kutoka kwenye faili la mwisho lililohifadhiwa, na maelekezo yake yaliipa kila atomi kasi mpya ya kubahatisha. Mwisho wake alikuwa na vipande vingi vya pikosekunde 5 kila kimoja. Akaviunga kichwa kwa mkia na kuvichakata kama rekodi moja ndefu.

Grafu iliyotoka ilikuwa ya kuvutia. Chini ya terahezi 1 kulikuwa na ziada kubwa ya mitetemo, na kwenye terahezi 0.2 hivi kilisimama kilele cha peke yake ambacho hakimo katika grafu ya shaba ya kawaida. Akaandika sura nzima juu yake. Alieleza kwamba kilele hicho ni alama ya mipaka ya punje, akakilinganisha na ziada iliyoonekana katika chuma na nikeli, akatayarisha na muhtasari wa kuwasilisha kwenye mkutano wa kitaaluma Bara.

Sura ilikuwa imeandikwa vizuri, na hilo ndilo lililofanya hatari iwe kubwa zaidi. Maelezo yenye mantiki juu ya kitu kisichokuwepo huwa magumu kuyatilia shaka kuliko maelezo yaliyovurugika.

## Maswali matatu

Rasimu iliporudi kwake ilikuwa na maswali matatu pembeni ya ile grafu. La kwanza: shaba isiyo na punje, yaani fuwele moja kamili, ikipitishwa katika utaratibu huu huu bila kubadilisha chochote, inatoa grafu gani? La pili: kilele hiki kinatoka kwa atomi zipi, za mpakani au za ndani? La tatu: je, mtetemo wa terahezi 0.2 unaenea ndani ya kisanduku cha nanomita 6?

Jibu la swali la tatu linapatikana kwa penseli. Kwenye masafa ya chini mitetemo ya atomi ni mawimbi ya sauti. Wimbi refu kuliko yote linaloenea ndani ya kisanduku lina urefu sawa na upande wa kisanduku. Sauti ya kukingama, ambayo atomi zake hucheza upande kwa upande wa njia ya wimbi, katika shaba husafiri kwa takriban kilomita 2.3 kwa sekunde. Gawanya kwa nanomita 6, unapata terahezi 0.38. Chini ya hapo fuwele kamili ndani ya kisanduku kile haina wimbi hata moja. Mipaka iliyolegea inaweza kushusha namba hiyo kidogo, lakini haitaifikisha nusu. Kwa hiyo kilele cha terahezi 0.2 kilikuwa kimesimama mahali ambapo kisanduku chenyewe hakiruhusu mtetemo.

Mwanafunzi hakulikubali hilo mara moja, na sababu yake ilikuwa ya kueleweka. "Mwalimu, nimeirudia hesabu yote tangu mwanzo na kilele kimetoka pale pale," alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akamjibu, "Mwanangu, ukirudia kwa njia ile ile utapata kile kile. Tubadilishe njia."

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha muhtasari wa mkutano. Ulimuuma, maana nafasi ya kwenda Bara kuwasilisha kazi haiji kila mwaka. Msimamizi aliona kwamba jambo likishachapishwa kwa jina la mwanafunzi litamfuata, na kwamba mkutano mwingine utakuja.

Uamuzi wa pili, kwa maoni yangu, haukuwa mzuri. Msimamizi aliishuku kanuni ya mvutano kati ya atomi. Ni shaka ya kawaida: kanuni hizo hutengenezwa kwa kulinganishwa na sifa chache za metali, na nyingine hukosea katika sifa zilizobaki. Wakatafuta kanuni nyingine ya shaba ya aina hiyo hiyo ya EAM (inayozingatia pia elektroni zinazoizunguka kila atomi), wakarudia kila kitu. Kilele kikabaki pale pale. Wiki nyingi za mashine ziliishia hapo, ilhali ingetosha kutazama kama vilele vikuu vya shaba kamili vinakaa karibu na terahezi 5 na 7 kama nyutroni zilivyoonyesha. Vilikaa. Kanuni ilikuwa salama tangu mwanzo.

Hapo ndipo waliporudi kwenye swali la kwanza, nalo likamaliza ubishi. Fuwele kamili, isiyo na mpaka hata mmoja, ilipopitishwa kwenye utaratibu ule ule ilitoa kilele kile kile karibu na sifuri. Mwanafunzi aliniambia baadaye kwamba usiku huo hakulala, na kwamba asubuhi yake alisomesha vipindi vyote akiwa na grafu hiyo kichwani. Lakini alikuwa yeye aliyependekeza kwenda sababu moja moja badala ya kubadilisha yote kwa pamoja, na pendekezo hilo ndilo lililoiokoa kazi yake.

Sababu zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa ikiificha nyingine.

Ya kwanza ni kidhibiti joto. Visukumo vya Langevin visiposawazishwa huusukuma mfumo mzima, ukaanza kuelea taratibu ndani ya kisanduku. Kuelea si mtetemo, lakini kwenye ugeuzi wa Fourier hujitokeza kama ishara kwenye sifuri na jirani yake. Zaidi ya hilo, msuguano wake hupanua kila kilele. Ukiwekwa uzimishe mwendo kwa muda wa pikosekunde 1, upana unaoongezeka ni karibu terahezi 0.16. Suluhisho lilikuwa kutumia kidhibiti wakati wa kufikisha joto tu, kisha kukizima, kuondoa mwendo wa jumla wa mfumo, na kurekodi nishati ikiwa haiguswi.

Ya pili ni urefu wa rekodi. Rekodi ya pikosekunde 5 haiwezi kutofautisha masafa yaliyo karibu zaidi ya terahezi 0.2, kwa hiyo chochote kilichokuwa sifuri kilimwagika hadi pale kilele kilipoonekana. Kuunga vipande hakukusaidia. Kila kipande kilianza na kasi mpya za kubahatisha, atomi zikasahau zilikuwa wapi katika mtetemo wao, na rekodi ikawa ndefu kwa sura tu. Waliamua kurekodi pikosekunde 50 mfululizo, kila femtosekunde 10, ili uwezo wa kutofautisha ufike terahezi 0.02. Mashine iliwekewa betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na programu ikaelekezwa kuhifadhi hali kamili ya mfumo, mahali na kasi za atomi zote, kila baada ya muda mfupi. Ikizimika, inaendelea pale pale ilipoachia bila kubahatisha kasi upya.

Ya tatu ni mipaka ambayo haikutulia. Kisanduku kikishajengwa, atomi za mipakani ziko mahali pabaya na zinaendelea kujipanga kidogo kidogo hata wakati wa kurekodi. Kujipanga huko nako ni mwendo wa taratibu unaoonekana kama masafa ya chini sana. Walikipasha kisanduku hadi kelvini 600 kwa muda, wakitazama nishati hadi ilipoacha kushuka, kisha wakakipoza. Shaba huyeyuka kwenye kelvini 1358, kwa hiyo 600 ni chini ya nusu. Walikataa kupanda zaidi kwa hofu ya punje kumezana na kukua, na kila mara walitazama picha ya punje kabla na baada ili kuhakikisha hazijabadilika.

Uamuzi wa mwisho ulihusu ukubwa. Kisanduku kipya kilikuwa cha nanomita 15, chenye punje 50 hivi za nanomita 5 na atomi 286,000. Wimbi la chini kabisa lilishuka hadi terahezi 0.15. Papo hapo likazuka tatizo la nafasi: kurekodi kasi za atomi zote mara 5,000 ni gigabaiti 17 hata katika faili lililobanwa vizuri, na diski haikuwa nayo. Wakarekodi atomi moja kati ya kila kumi, zilizochaguliwa kwa kubahatisha kutoka ndani ya punje na kutoka mipakani kwa uwiano wao. Kwa kuwa mgawanyo wa mitetemo ni wastani wa atomi nyingi, sampuli kubwa ya namna hiyo inatosha. Gigabaiti 1.7 zilizobaki zilisafiri hadi Pemba ndani ya flashi mfukoni, kwa sababu kuzivuta kwa intaneti ya nyumbani kungechukua usiku kadhaa.

## Matokeo

Kilele cha terahezi 0.2 kilitoweka kwenye fuwele kamili, na kikatoweka kwenye shaba ya punje za nano pia. Hakikuwahi kuwa sifa ya shaba.

Ziada ya masafa ya chini ilibaki. Ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, imetandaa bila kilele chochote cha peke yake, na ilianza juu ya terahezi 0.15 ambako kisanduku kina mawimbi ya kweli. Grafu ilipogawanywa kwa aina ya atomi, picha ikawa wazi: atomi za ndani ya punje zilitoa mchoro unaokaribiana sana na wa fuwele kamili, vilele vyake vikiwa vimepanuka kidogo, na ziada karibu yote ilitoka kwa atomi za mipakani. Atomi hizo hizo zilitoa pia mkia mdogo juu ya terahezi 7.5, pale shaba ya kawaida inapokatika. Mkia huo ni wa atomi zilizobanwa.

Mtahini mmoja aliuliza swali zuri siku ya utetezi. Kwenye kelvini 300 atomi za mipakani bado zinaweza kurukaruka kutoka mahali hadi mahali, sasa mnajuaje kwamba ziada hii ni mitetemo? Mwanafunzi alikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amerudia kazi kwenye kelvini 50. Kwenye baridi hiyo kurukaruka kunazimika, lakini mgawanyo wa mitetemo unatakiwa ubaki karibu vile vile. Ziada ilibaki. Tasnifu ilipita na marekebisho madogo, na muhtasari mpya ulikwenda kwenye mkutano mwingine.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko yote ni kipimo cha fuwele kamili. Ni hesabu rahisi kuliko zote katika utafiti huu, haihitaji kujenga punje, na inaisha mapema. Utaratibu ukikupa kitu kipya katika metali yenye mipaka, na ukakupa kitu hicho hicho katika metali isiyo na mpaka, basi kimetoka kwenye utaratibu. Ningetamani kila anayesimamia kazi za namna hii adai grafu hiyo kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza wa maelezo. Hapa ilikuja mwishoni, baada ya kanuni ya mvutano kubadilishwa bure.

Kuzigawa atomi kwa makundi kulikuwa na thamani ya namna nyingine. Ziada ya kweli na ziada ya uongo zote zinakaa upande mmoja wa grafu, chini, karibu na sifuri. Kuelea kwa mfumo, rekodi fupi, mipaka isiyotulia na mipaka iliyolegea kweli vyote hupandisha sehemu ile ile. Ukitazama grafu ya jumla peke yake huwezi kuvitenganisha. Lakini kuelea huzihusu atomi zote sawasawa, za ndani na za mpakani, ilhali ulegevu wa mpaka huzihusu za mpakani tu. Swali la "atomi zipi?" ndilo linalotenganisha. Rasimu ya kwanza iliitaja mipaka ya punje karibu kila ukurasa, na haikuwa na grafu hata moja ya atomi za mipakani peke yake.

Kuhusu kulinganisha na majaribio ya chuma na nikeli, nina neno la tahadhari. Majaribio yale ni ya kweli na ziada yake ni ya kweli. Lakini yalimpa mwanafunzi matarajio, naye alipoona kitu chini kwenye grafu alikipokea kwa sababu kilikuwa upande uliotarajiwa. Chuma kilichosagwa kina historia yake: punje zimekunjwa na kuvunjwavunjwa kwenye kinu. Mfano wa kompyuta una mipaka safi, haina oksijeni wala vitundu. Ukubwa wa ziada katika hivi viwili hauna sababu ya kulingana, na ungelingana kwa rasimu ya kwanza ingekuwa ni sadfa tu, kwa sababu sehemu ya ziada ile haikuwa mitetemo.

Suala la umeme lisichukuliwe kama kisingizio wala lisipuuzwe. Liliingia ndani ya fizikia moja kwa moja, kupitia faili la kuanzia upya. Mtu mwenye mashine isiyozimika asingekutana na kasi zinazobahatishwa upya katikati ya rekodi. Kwetu hapa, kuandika jinsi kazi inavyoendelezwa baada ya kukatika ni sehemu ya mbinu ya utafiti na inastahili aya yake katika tasnifu. Mwanafunzi aliiandika. Sijaiona sana katika tasnifu nyingine.

Sehemu iliyoshindwa, na ambayo haikupata tiba kamili, ni sura ya uwezo wa kubeba joto. Awali alitaka kuonyesha kwamba shaba ya punje za nano inahitaji joto zaidi kupanda kelvini moja. Aliipima moja kwa moja kutoka kwenye nishati ya mfumo kwenye kelvini 100, akapata karibu jouli 25 kwa moli kwa kila kelvini kwa shaba zote mbili, ya kawaida na ya punje za nano, na akaandika kwamba hakuna tofauti. Namba hiyo ilitakiwa imshtue. Shaba halisi kwenye kelvini 100 hubeba jouli 16 hivi. Uigaji wa aina hii hufuata mekanika ya Newton, ambamo kila mtetemo unapokea sehemu yake ya nishati hata kwenye baridi kali, kwa hiyo hutoa karibu jouli 24.9 kwa joto lolote utakaloliweka. Katika shaba halisi mitetemo ya haraka hulala kwenye baridi, jambo ambalo Einstein alilieleza mwaka 1907.

Njia sahihi ni kuchukua mgawanyo wa mitetemo uliokwisha kusafishwa, kisha kuipa kila masafa uzito wake wa kikwantumu kwa joto linalotakiwa. Alipofanya hivyo, tofauti kati ya shaba mbili ilijitokeza kwenye baridi, pale mitetemo ya taratibu inapokuwa karibu peke yake iliyo macho, na ikafifia kadiri joto lilivyokaribia la chumbani. Ndivyo inavyotarajiwa: kwenye joto la chumbani karibu mitetemo yote imeamka, na kuisogeza michache chini hakubadilishi jumla sana.

Lakini kisanduku kiliweka kizuizi chake. Kwa nishati, terahezi 0.15 ni sawa na joto la kelvini 7 hivi. Chini ya hapo hesabu haina mitetemo ya kuhesabu, na hata juu kidogo ya hapo inayo michache mno ya kuaminika. Alianza mchoro wake kwenye kelvini 20 na akaeleza kwa nini hakushuka zaidi, ingawa sehemu ya chini ndiyo ambayo tofauti ingekuwa kubwa kuliko zote. Kisanduku cha nanomita 30 kingeshusha mpaka huo hadi terahezi 0.08, lakini kinahitaji atomi milioni 2.3, mara nane ya zile alizokuwa nazo, kwenye mashine ambayo wanafunzi wengine nao wanaisubiri.